Tuliwaambia tutarudi

Shikamoo Mama,

Nina miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Njombe mjini. Nilisomea takwimu Dar es Salaam, baadaye nikachukua shahada ya uzamili ya epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa. Tangu 2019 nimefanya kazi moja tu: kufuatilia maambukizi mapya ya VVU katika mkoa wetu na kuwaambia watoa huduma waelekeze nguvu wapi. Mimi si daktari wala muuguzi. Nilikuwa nachukua takwimu za vituo na kujiuliza, hawa waliokuja kupima ni akina nani, na ambao hawakuja wako wapi?

Mfano mmoja, Mama, uelewe. Makambako tulikuwa tunapima mchana na wanaume hawaji. Nikakaa na namba za miezi kadhaa, kisha nikaenda kukaa kwenye maegesho ya malori yenyewe. Madereva na utingo wanafika usiku, mchana wamelala au wako njiani. Nikapendekeza hema lihamie pale kuanzia saa mbili usiku, karibu na wauza chipsi. Watu walibisha, lakini tukajaribu. Wiki ya kwanza vitendanishi viliisha kabla ya Ijumaa. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Mwishoni mwa 2024 tulianza utafiti na mabinti wa miaka 18 hadi 24, wanaochuma chai na wanaopika kwenye kambi za wapasua mbao. Tuliwauliza mambo ambayo mtu hamwambii hata dada yake. Mwisho wa dodoso kulikuwa na sentensi niliyoiandika mimi mwenyewe: tutarudi baada ya miezi sita kukueleza tulichokiona. Binti mmoja, mpishi wa kambini, aliniuliza, "Kweli mtarudi? Wengine walikuja wakatupiga picha, wakaenda." Nikamwambia mimi ni wa hapahapa Njombe, nitaenda wapi?

Januari 2025 ilipotoka amri ya Marekani ya kusimamisha misaada, tulipata barua pepe ya mistari minne. Vishikwambi vikakusanywa, gari likachukuliwa, ofisi ikafungwa. Daftari langu la uwandani lilibaki kwenye mkoba na hakuna aliyeliulizia. Lina majina ya baadhi ya mabinti na namba za simu za kuwatafutia. Liko kabatini kwangu, chini ya mashuka.

Mwaka umepita. Nimefanya vibarua vya kuingiza takwimu, na kwa kweli tunaishi kwa mshahara wa mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Sasa nimepata nafasi katika kampuni ya bima Dar es Salaam, mkataba wa miaka miwili, mshahara mzuri kuliko niliowahi kupata. Wakati huohuo halmashauri wameniomba nikawasaidie takwimu za VVU kwa kujitolea, nauli tu.

Mama yangu hataki hata kusikia habari ya halmashauri. Aliniambia mbele ya wadogo zangu: "Miaka sita unahesabu wagonjwa wa watu. Hujamchoma sindano hata mmoja. Na waliokuwa wanakulipa wamekutupa." Sikuwa na jibu. Upande wa pili, mama mkwe amemuuliza mume wangu kwa siri kama ninatumia dawa za VVU, kwa sababu nimeonekana mno CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU.

Niende Dar? Na uniambie ukweli, Mama: kazi yangu ilimsaidia mtu? Nikilala namwona yule binti wa kambini.

Mhesabu watu,
Njombe

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na daftari, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja ila hilo. Hilo si lako. Majina yaliyomo ni ya wanawake waliokuamini kwa sababu uliwasomea karatasi ya ridhaa inayosema siri zao zitalindwa, na kabati la mashuka halilindi chochote. Mama mkwe wako tayari ana wasiwasi. Siku akipanga nguo akakuta orodha ya mabinti na namba zao, ataisomaje? Ataisema kwa nani? Njombe si kubwa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri za watu hawa, lakini hata kama isingekuwepo ungejua la kufanya. Usilichome moto, usilipige picha, usihamishie namba kwenye simu yako. Mtafute aliyekuwa mtafiti mkuu. Asipopatikana, andika kwa kamati ya maadili iliyotoa kibali cha utafiti, eleza kilichotokea, ukabidhi kwa maandishi na upewe sahihi. Fanya wiki hii. Najua unalishika kama amana ya mwisho, na ndiyo maana nasema kwa ukali.

Sasa swali la mama yako. Usimkasirikie. Ameuliza jambo ambalo hata mimi niliulizwa, na nilichukua miaka kulijibu. Miaka ya tisini nilikuwa mdadisi katika vijiji vya Mwanza, natembea na madodoso kwenye mfuko wa rambo kwa sababu ya mvua. Mzee mmoja akaniambia: binti, kila mwaka mnakuja kutuhesabu, hivi mnatunenepesha ili mtuuze? Nilicheka kwa aibu. Sikuwa na la kumwambia.

Jibu lilikuwa linapikwa wakati huohuo, mkoani humohumo. Watafiti walichukua jamii 12, wakazigawa jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja ilipata huduma bora ya magonjwa ya ngono tangu mwanzo: waganga wa zahanati wakafundishwa, dawa zikawa hazikatiki, watu wakahimizwa kwenda mapema. Nyingine ikasubiri zamu yake. Baada ya miaka miwili wakapima. Kwenye jamii zilizosubiri, kama watu 19 katika kila 1,000 walikuwa wameambukizwa VVU ndani ya muda huo. Kwenye zilizohudumiwa, 12. Matokeo yalichapishwa 1995 na dunia nzima ikayasoma.

Tofauti ni watu saba katika elfu moja. Mwanangu, kaa na hao saba. Ni watu walioendelea kulima pamba, wakaoa, wakazaa, wakagombana na majirani, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba ni yeye. Huwezi kumwita jina. Hatakuja na kuku kukushukuru. Muuguzi aliyechoma sindano hakumwona, kwa sababu mtu asiyeugua haonekani kituoni. Aliyemwona ni mhesabuji peke yake, naye alimwona kama tofauti kati ya namba mbili. Mweleze mama yako hivyo, kwa Kibena kama ndiyo lugha yenu ya nyumbani, na umwambie 19 toa 12.

Na umwambie pia kwamba kuhesabu si kujisifu. Miaka michache baadaye, huko Rakai, Uganda, upande wa pili wa ziwa, wenzetu walijaribu jambo la jirani: waliwapa dawa za magonjwa ya ngono watu wote majumbani, wagonjwa na wazima, kila baada ya miezi kumi. Matokeo yakatoka 1999. Hakuna tofauti ya maambukizi ya VVU. Nakumbuka jinsi habari ile ilivyotuvunja moyo. Wapo waliodhani moja kati ya tafiti hizo mbili ilikosewa. Haikuwa hivyo. Rakai janga lilikuwa limekaa muda mrefu na kusambaa sana, magonjwa ya ngono yaliyokuwepo hayakuwa sawa na ya Mwanza, na dawa ya mara moja kila miezi kumi si sawa na zahanati iliyo wazi kila siku. Wazo lilelile, mahali pengine, wakati mwingine, jibu jingine. Hema lako la Makambako limetokana na akili hiyohiyo. Uliona mchana haujibu, ukaenda kukaa na malori.

Huko Rakai hawakuacha. Wao na wa Kisumu, Kenya, waliendesha tafiti za tohara ya wanaume zilizosimamishwa kabla ya wakati Desemba 2006, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno kuendelea kuwanyima wengine: waliotahiriwa walipungukiwa na hatari ya kuambukizwa kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza huduma hiyo kwa nchi zetu. Ninyi watu wa Iringa na Njombe, ambako kutahiri hakukuwa mila ya wengi, mliona foleni za vijana wakati wa likizo za shule. Muulize mume wako ni wanafunzi wake wangapi wamepita pale. Hakuna kati yao aliyewahi kumsikia mtu aliyekaa Kisumu na jedwali.

Nataka nikwambie na tafiti iliyoshindwa, kwa sababu inakuhusu zaidi. Mwaka 2011 utafiti wa vidonge vya kinga kwa wanawake ulisimamishwa. Ulikuwa umefanyika Kenya na Afrika Kusini, kwingineko pia. Wanawake waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa waliambukizwa karibu sawa. Walipoulizwa, wengi walisema wanameza. Damu ikasema vingine. Wapo waliokimbilia kuwalaumu. Wengine wakarudi kwa wanawake wale na kuuliza upya, taratibu. Wakakuta hofu ya mwenza kuona kopo la vidonge, majirani kudhani ni ARV, dawa za wanaoishi na VVU, na wengi kutojiona kabisa kuwa hatarini. Mama mkwe wako na swali lake la kama unatumia dawa, unaona, yumo ndani ya utafiti huo.

Kisha ikaja 2024. Sindano ya kujikinga na VVU iitwayo lenacapavir, mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake Afrika Kusini na Uganda. Zaidi ya 2,100 walipewa sindano hiyo. Walioambukizwa kati yao: sifuri. Nimefanya kazi na namba hizi zaidi ya miaka thelathini na sikuwahi kuwaza kwamba nitaiona sifuri. Nililia, sikufichi. Sindano haihitaji kopo la kuficha chini ya godoro. Maabara ndiyo iliyotengeneza dawa, lakini waliotuonyesha kwamba kidonge cha kila siku hakiwatoshi wanawake wengi ni wahesabuji waliorudi kuuliza.

Unaniuliza kama ulimsaidia mtu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima Tanzania ni asilimia 4.4, na maambukizi mapya kama 60,000 kwa mwaka. Mkoa wako ndio unaoongoza, zaidi ya asilimia 12. Wewe unazijua hizi kuliko mimi. Naziandika kwa ajili ya wanaotusoma. Ila kuna moja niitazame na wewe. Katika watu wazima wanaoishi na VVU, waliokuwa wanajua hali zao walikuwa asilimia 82.7. Katika hao wanaojua, karibu 98 wanatumia dawa, na kati ya wanaotumia dawa, zaidi ya 94 virusi vyao vimefubaa. Kwa hiyo mtu akishajua, nchi hii inajua kumhudumia. Anayekosekana ni yule asiyejua, na mmoja wao ni mwanaume asiyefika kituoni mchana. Ulikuwa umemfuata alipo. Na mwenye virusi vilivyofubaa hadi kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono, hilo lilithibitishwa kwa namba zisizo na ubishi. Hesabu mwenyewe safari za dereva mmoja kati ya Dar es Salaam na Tunduma.

Kuhusu waliokutupa, nina uchungu kama wako. Mtakumbuka kwamba misaada iliporuhusiwa kurudi kwa sehemu Februari 2025, tiba iliendelea lakini kinga kwa sehemu kubwa ilibaki nje. Dawa kinga za fedha hizo ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Binti wa chai asiye na mimba hakuhesabiwa. Kukata tiba kunaleta maiti anayeonekana, kukata kinga hakuleti maiti leo, ndiyo maana ni rahisi kukata. Nimeona maneno kinga ni bora kuliko tiba yamepakwa rangi kwenye ukuta wa kila zahanati niliyoingia, na sijaona bajeti inayoyafuata. Lakini aliyesaini amri hakupima thamani ya kazi yako. Hakujua kama upo.

Haya, Dar au halmashauri. Katika barua yako umeipa kampuni ya bima sentensi moja. Mabinti umewapa nusu ya barua. Nimeliona hilo, lakini silichukui kama jibu, kwa sababu moyo haulipi ada. Kaa na mume wako jioni moja, mwandike kwenye karatasi: kodi, ada, deni la bodi ya mikopo, fedha mnayotuma nyumbani. Kama mshahara wake hauwezi kuwabeba hata miezi sita zaidi bila kukopa, nenda Dar na usijisikie msaliti. Hesabu za bima ni hesabu za hatari na vifo. Hutasahau taaluma yako.

Kama mnaweza kubanana, mimi ningebaki. Ila siyo kwa nauli. Kujitolea kusiko na mwisho ni namna ya kumwibia mtu mwenye shahada mbili, na wanawake ndio wanaombwa zaidi. Waandikie halmashauri masharti: unafanya kazi hadi mwisho wa Juni, unapewa posho ya kila mwezi inayojulikana, unapewa barua yenye cheo chako, na kazi yako inaingizwa kwenye bajeti inayoanza Julai. Bajeti ya 2025/26 ilikuja na tozo mpya ambazo sehemu yake imetengwa kwa ajili ya UKIMWI, kwa hiyo usiingie ofisini kama anayeomba. Ingia na ukurasa mmoja unaoonyesha hema la usiku lilipima akina nani ambao mchana haukuwapata. Wakikataa kusaini, umepata jibu lao.

Na usijifungie kwenye VVU peke yake. Siku ileile amri ilipotiwa saini kule Washington, tarehe 20 Januari 2025, ndiyo siku Rais Samia alitangaza mlipuko wa Marburg, homa hatari ya virusi, huko Kagera, wa pili mkoani humo ndani ya miaka miwili. Walioumaliza kufikia Machi ni watu wa taaluma yako, wanaouliza nani alikutana na nani, lini, wapi. Peleka maombi wizarani, peleka kwenye taasisi za utafiti za Mwanza, Ifakara na hapo jirani Mbeya. Aliyejifunza kumtafuta asiyeonekana kwenye takwimu za VVU, kipindupindu hakimsumbui.

Mama mkwe mwachie mwanawe. Mume wako amwambie mke wangu anafanya kazi pale, basi. Usitoe cheti cha majibu kumridhisha mtu. Ukikionyesha leo, wewe mwenyewe utakuwa umekubali kwamba wanaotumia dawa ni wa kuonewa haya.

Nimebakiza yule binti.

Huwezi kumpigia simu, kwa sababu namba yake inarudi na daftari. Huwezi kumfuata kambini peke yako na kumwita jina mbele ya wapasua mbao. Lakini ulipofanya utafiti ulipita kwa mtendaji wa kijiji na mganga mfawidhi wa zahanati, na walikuwepo waelimishaji rika waliokupeleka. Rudi kwa njia hiyohiyo. Kwanza kwenye ile barua kwa mtafiti mkuu au kamati ya maadili omba ruhusa ya kurudisha matokeo ya jumla kwa jamii, yasiyo na jina la mtu wala kambi. Ukipewa, omba nusu saa siku ya mapumziko, chini ya mti au kwenye jengo la kijiji, wanawake wote waalikwe, walioshiriki na wasioshiriki, ili asitambulike aliyehojiwa. Mwombe nesi wa zahanati aje na vipimo vya kujipima na kueleza kilichopo sasa na kisichopo, asiahidi ambacho hana.

Kisha waambie. Tulisema miezi sita, imepita zaidi ya mwaka, tusameheni, fedha zilikatwa. Tuliwauliza haya, na hiki ndicho tulichokiona kabla ya kusimamishwa. Mimi kwa yule mzee wa Mwanza nilirudi mwaka uliofuata. Sikuwa na karatasi, nikachora mistari miwili mavumbini kwa kijiti, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Aliitazama kwa muda, akauliza ule mfupi ni wa kijiji gani. Kisha akaita wanawe waje kuona.

Huenda binti yule ameshahama kambi, mbao zikiisha wanahama. Nenda hivyohivyo. Na uniandikie umefikia wapi na daftari.

Mama wa safu